Waume Ambao Kaimuri Hakuwaagiza

Mume wa kwanza alikuja na kofia ya pama na bakora, na Kaimuri hakuwa amemwita. Mama huyu alikuwa amekaa zake juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya migomba yake kule Mitunguu, simu mkononi, miwani imeteremka puani. Alichoiambia simu kilikuwa kimoja tu, kwa Kiswahili chake cha shule: nichoree mama mjane wa Meru, nyumbani kwake, anapokea mahari ya binti yake. Mchoraji wa ndani ya simu akawaza kidogo, halafu akaleta picha. Mama yuko, kitambaa kichwani, sawa. Lakini kwenye kiti cha mbele amekaa mzee mwenye ndevu nyeupe, ametanua miguu, anatabasamu, eti ndiye mwenye boma.

"Na wewe umetoka wapi?" Kaimuri akamuuliza.

Mzee akazidi kutabasamu. Kaimuri akaandika tena, safari hii akaeleza vizuri kwamba mume alikufa na mama yuko peke yake. Akaletewa mzee mwingine, mwembamba, wa suti, na mkono ameuweka begani mwa mama bila haya. Lo! Mwanamke amekaa bila mume tangu mtoto wake akiwa darasa la pili, na leo kabla ya chai ya saa nne ameshapata wawili, tena bila hata kuulizwa. Akacheka peke yake pale shambani. Kisha kicheko kikamwisha, maana jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha.

Bintiye Kagendo, mtoto wa pekee, alikuwa akifanya kazi Nkubu katika duka la kuchapa mabango, kadi za harusi na vile vitabu vidogo vya mazishi. Siku hizi pale dukani hawahangaiki sana na kamera. Unamwambia huyo mchoraji kwa maneno unataka nini, naye anakutengenezea picha ya kitu ambacho hakijawahi kutokea popote. Kagendo alikuwa amechumbiwa na kijana wa Gachoka, kule Mbeere, jina lake Ngari, fundi wa pampu za maji aliyekuja Mitunguu kurekebisha mabomba ya kunyunyizia mashamba, akaondoka na moyo wa mtu. Jumamosi ilikuwa siku ya mahari. Bango lingetundikwa langoni, wageni walione kabla hawajashuka garini. Kagendo alitaka mama yake ajichagulie picha mwenyewe, kwa sababu alipojaribu kumchagulia waligombana juu ya rangi ya kitambaa. Akamwekea programu ile kwenye simu, akamwonyesha pa kuandika na pa kubonyeza, akakimbilia kazini.

Sasa, kwa ukoo wao, mahari huanza na mwati, yaani kondoo jike ambaye bado hajazaa. Kabla ya ng'ombe, kabla ya asali, kabla hata mgeni hajaonja chai, mwati huletwa kwa kamba na baba wa binti huipokea kamba hiyo mkononi mwake. Akishaishika, yeye ndiye anayemtoa binti, na kuanzia siku hiyo neno lolote kuhusu binti, ndoa yake na watoto wake huletwa kwake kwanza. Baba wa Kagendo, Kiunga, alikuwa kaburini. Kwa hiyo ndugu yake, Riungu, akajitokeza.

Tusimsingizie Riungu. Alilibeba jeneza la ndugu yake na alilia hadharani, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Lakini machozi yalipokauka, na yeye akakauka. Anaishi ng'ambo tu ya barabara, hata ukikohoa anasikia, na bado Kagendo alipopata nimonia mvua inanyesha, Kaimuri alimbeba mgongoni peke yake mpaka hospitali, Riungu akauliza hali kwa simu. Karo, sare, kutolewa nyumbani kwa kukosa hiki na kile, Riungu hayumo. Mkewe Kanyua ndiye aliyekuwa akipita uani kimyakimya na bakuli la maharagwe. Habari za mahari zilipoenea, ndipo Riungu alipovuka barabara amevaa kofia mpya, akakaa, akanywa chai, akasema kamba ya mwati ataishika yeye. Hakuomba, alitangaza.

Kaimuri akamwambia kamba ile itashikwa na aliyelea. Riungu akacheka mpaka kofia ikatikisika. Akasema shemeji yake siku hizi ana mizaha.

Mizaha! Kaimuri alilala na neno hilo, akaamka nalo, akalibeba shambani. Ndiyo maana bango lile halikuwa pambo kwake. Alitaka wageni wa kutoka Gachoka, kabla hawajasalimia mtu, wamwone yeye Kaimuri, mkubwa, rangi zote, amesimama langoni pake na kamba mkononi na hakuna mwanamume kando yake. Wakishaona hivyo, atakayekuja kusema vingine ajieleze mwenyewe.

Lakini si mtu wa kuamini kifaa kabla ya kukipima. Hata pampu mpya huijaribisha kwa ndoo kwanza. Kwa hiyo akamwacha mama mjane kando, akampa mchoraji mtihani wa kitu anachokijua: nichoree mkungu wa ndizi. Akapata mkungu, jamani. Umejaa, vichane vimepangana vizuri, jani la nyuma limepitisha jua mpaka mishipa inaonekana, na umande umetulia juu ya ganda. Kaimuri ameamka na migomba maisha yake yote na hajawahi kuiona imependeza hivyo. Akakubali kwamba mkono wa mchoraji ni mwepesi, lakini akili hajajua bado.

Akaomba mama anayetoka sokoni Nkubu na mzigo. Akaletewa mama aliyejitwika kikapu kichwani. Aka! Mwanamke wa huku hubeba mzigo mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso, mikono ikabaki huru kufanya mambo mengine. Kaimuri akamweleza hivyo kwa upole, neno kwa neno. Mchoraji akatii, akauweka mzigo mgongoni, na cha kichwani akakiacha palepale. Maskini yule mama akawa na mizigo miwili kwa sababu ya kutetewa. Akaomba nyumba yake, akachorewa kibanda cha nyasi, na yeye ana nyumba ya mawe na mabati ya rangi ambayo aliyapandisha bati baada ya bati. Hapo alikasirika kweli, akamtukana mchoraji kwa Kimeru, lugha ambayo bahati nzuri hakuielewa. Akaomba mkono umeshika kamba, ukaja na vidole sita. Hicho alikisamehe, maana shambani kidole cha ziada kina kazi.

Mlima Kenya nao ukaletwa mpaka uani, theluji karibu imwagikie kuku. Neno KARIBUNI likaandikwa kwa herufi ambazo hakuna mwalimu aliyewahi kuzifundisha. Lakini kondoo alimchora vizuri kabisa, na jua la jioni, na uso wa mtu mzima aliyechoka ila hajashindwa. Kaimuri akawa anaingia na kutoka katika simu ile kama mtu anayemzoea ng'ombe mpya, anajifunza wapi anapiga teke na wapi anatulia.

Teke la mchoraji lilikuwa katika kukatazwa. Kaimuri aliligundua hilo mchana, akiwa anabadilisha bomba la maji. Ukimwambia weka, anaweka. Ukimwambia usiweke, anaweka vilevile, kwa sababu ameshikilia jina la kitu tu. Alimwandikia: usiweke mzee. Akaletewa wazee watatu. Akamwandikia: mwanamume asiwepo kabisa. Akaletewa mwanamume mmoja, mkubwa kuliko wote, amesimama mbele ya mama mpaka mama anachungulia kwa nyuma. Kaimuri akamuuliza ni nani aliyemfundisha, ni Riungu? Maana wawili hawa walikuwa wanaimba wimbo mmoja: boma haliwezi kuwa boma mpaka kuwe na suruali kitini. Iliuma. Alijua ni mashine, alijua haina nia mbaya wala nzuri, na bado iliuma, kwa sababu ilikuwa imejifunza kutoka kwa watu.

Basi akaacha kumkataza. Neno mume hakulitaja, neno mzee hakulitaja. Akaandika anachotaka tu: mama mmoja langoni, ameshika kamba, kondoo jike mweupe, migomba nyuma. Na kwa kuwa bango lilikuwa la harusi, akaongeza picha yake mwenyewe, na picha halisi ya Kagendo na Ngari waliyopigwa Krismasi, akaomba hao wawili wasimame nyuma kabisa, mbali, karibu na nyumba ya mabati. Akabonyeza. Akafumba macho. Akafumbua.

Mzee hayupo. Kofia haipo, suti haipo, bakora haipo! Kaimuri aliruka kutoka kwenye ndoo, akapiga kigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini. Jua lilikuwa linapiga kioo cha simu, miwani ina vumbi, na macho yake yalikuwa yanatafuta kitu kimoja tu, ndevu nyeupe, na hazikuwepo. Pale pale, mikono ingali na tope, akaituma picha kwenye grupu ya ukoo. Chini yake akaandika: "Hii ndiyo ya bango. Mwenye macho aone."

Wenye macho wakaona. Grupu ile haijawahi kunyamaza, hata mtu akituma picha ya mbuzi wake hupata maoni, lakini siku hiyo ilinyamaza kama kanisa. Kisha simu ikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa Kagendo, sauti imemkauka, anamwuliza mama yake kama ameiangalia ile picha vizuri. Kaimuri akarudi kivulini, akafuta miwani kwa leso, akaangalia vizuri.

Mchoraji alimtoa mzee, ndiyo. Lakini hakuweza kuvumilia nafasi tupu kando ya mama. Alichofanya ni kumchukua Ngari kutoka kule nyuma, akamleta mbele, akamsimamisha bega kwa bega na mama mkwe wake. Na mkono wa Ngari, vidole vyote sita, ulikuwa umeushika mkono wa Kaimuri. Kondoo alikuwa anawatazama.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza ubaya uko wapi. Ubaya ni kwamba kwa Wameru, na kwa Wambeere vilevile, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawakai benchi moja, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani kwa watu mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na heshima ile ndiyo inayobeba ndoa. Kaimuri mwenyewe, tangu Ngari achumbie, hakuwahi kumtazama usoni kwa muda wa kumaliza salamu. Sasa ukoo mzima umewaona wameshikana kama wachumba. Shangazi mmoja, Mungu amsamehe kwa kidole chake chepesi, alikuwa ameshaituma Gachoka. Ngari akazima simu na hakuonekana kazini siku mbili. Kaimuri naye akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na hilo hakulificha.

Riungu akavuka barabara jioni ileile na wazee wawili wa ukoo. Mara hii hakucheka. Alikaa, akaweka simu mezani picha ikiwa wazi, akaongea polepole na kwa huzuni, mtu akimsikia angedhani ni mazishi. Alisema yeye hamlaumu shemeji, mwanamke ni mwanamke. Lakini haya ndiyo yanayolipata boma lisilo na msemaji. Leo ni picha, kesho ni nini? Kosa kama hili kwa kawaida lingetaka mbuzi wa kuondoa aibu. Yeye atalimaliza kwa wakwe kimyakimya, mradi Jumamosi shemeji abaki jikoni na akina mama, na kamba aishike anayestahili. Wazee wakatikisa vichwa. Ukweli ni kwamba alisema vizuri, na Kaimuri alihisi chumba chote kikiinamia upande wa Riungu.

Akainuka. Akachukua simu yake, akakaa katikati ya wazee, akaanza kuwapitishia picha moja baada ya nyingine.

"Kama hiyo ni mimi," akamwambia Riungu, "basi na hawa ni waume zangu. Huyu wa kofia. Huyu wa suti. Hawa watatu walikuja pamoja. Shemeji, nichagulie mmoja, nenda umtafute anakoishi, umlete Jumamosi ashike kamba. Mimi nitakaa jikoni."

Mzee mmoja akacheka ndani ya kikombe, chai ikampalia, ikabidi apigwe mgongo. Alipopata pumzi akasema hakuna mbuzi hapo, picha isiyopigwa si kosa la mtu, na hilo likaishia hapo. Kaimuri akadhani ameshinda. Lakini yule mzee akapangusa mdomo akaendelea, bila ubaya wowote, kwamba kamba ni jambo lingine. Kamba ni ya mwanamume. Ndivyo walivyoikuta. Riungu akavaa kofia yake.

"Basi kondoo atarudi Gachoka," Kaimuri akasema.

Walidhani ni hasira. Akarudia, akiwa ametulia kabisa. Kama si yeye atakayepewa kamba, mahari hayaingii kwake, na wageni watageuza magari. Wazee wakaondoka wakiwa wazito, na Riungu akaenda akisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke hawezi kuvunja ndoa ya mtoto wake mwenyewe, hayupo mama wa namna hiyo.

Hilo ndilo lililomkondesha Kaimuri wiki ile. Kwa sababu Kagendo alimpenda Ngari, tena kwa dhati, na Kaimuri alijua. Binti alikuja nyumbani siku iliyofuata macho mekundu, akamwuliza mama yake kama ni harusi au ni vita. Akamwuliza kama kamba ya kondoo ni kubwa kuliko maisha yake. Kaimuri alikuwa akichambua maharagwe, akaendelea kuchambua. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku waliyomfukia Kiunga, maana siku ile aliyekuwa akiondoka alikuwa ameshaondoka, na huyu wa leo alikuwa mbele yake, anapumua, na angeweza kumpoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

Hata hivyo akamjibu. "Nikimwachia kamba, nitakuwa nikimwomba ruhusa ya kuona wajukuu wangu. Na wewe utaenda kwa watu ukijua mama yako alifichwa jikoni siku ya kukutoa. Mimi siwezi, Kagendo. Nichukie, lakini siwezi."

Kagendo akainuka. Aliondoka, na kuanzia hapo simu zake zilikuwa za hema, sufuria na idadi ya kreti za soda. Bango alilichapa bila kumwuliza mtu. Hakuweka mama, baba wala mkwe. Aliweka ule mkungu wa ndizi, mzuri ajabu, na majina mawili chini yake ambayo aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi kukapambazuka na ukungu, ukatoka mapema. Hema lilisimamishwa uani, viti vya plastiki vikapangwa safu kwa safu, na mbele kabisa kikawekwa kiti kimoja cha mbao chenye mito. Riungu alifika kabla ya wapishi. Akakikalia. Alikuwa na suti, bakora, na kofia, na Kaimuri alipomwona pale ametanua miguu alishikwa na kizunguzungu kidogo, maana alikuwa ameshamwona mtu yule mara nyingi katika simu. Kanyua mkewe alikuwa jikoni tangu alfajiri akikoroga mukimo wa viazi na mahindi, hajasema kitu asubuhi nzima zaidi ya kuomba chumvi.

Magari ya Gachoka yakafika yakipiga honi. Wageni wakashuka wakiimba, akina mama wa nyumbani wakawajibu kwa nyimbo kutoka ndani, lango likiwa limefungwa kama desturi. Ngari alibaki katika gari la mwisho, koti amejifunika kichwani, haonekani hata sikio. Mbele yao alikuja Mwaniki, baba mdogo wa Ngari na msemaji wao, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa, na kando yake mwati, mweupe, ameoshwa, anatafuna majani ya ua wa watu.

Lango likafunguliwa, na aliyesimama katikati yake alikuwa Kaimuri. Nyimbo zikapungua, zikafa. Mwaniki alimsalimia kwa heshima, akaangalia juu ya bega lake mpaka hemani, alipokuwa mwenye kofia. Riungu hakuinuka. Mwenye boma huletewa. Aliunyoosha mkono tu, kiganja juu, akangoja.

Mwaniki akasema ameagizwa kumpa kamba baba wa binti.

"Baba wa binti amelala pale nyuma ya migomba," Kaimuri akamjibu. "Aliyebaki ni mimi. Ukinipa kamba, karibu, chai iko tayari. Ukitaka kumpa mwingine, lango la kuingilia ndilo la kutokea."

Mwaniki alikuwa amekuja na maneno mengi matamu ya kusema siku hiyo na hakuna hata moja lililofaa. Alimtazama mwanamke yule, akatazama magari yake, akawatazama wazee wake ambao ghafla wote walikuwa wanaangalia viatu. Mwishowe akafanya kitu ambacho desturi inamruhusu msemaji: akaomba binti aletwe, aulizwe mbele ya watu.

Kagendo akaletwa katikati ya wasichana wenzake, leso begani. Hakumtazama mama yake. Kaimuri akashika nguzo ya lango. Siku zile zote hakuwa amesikia neno moja la kumwambia binti yuko upande gani. Mwaniki akamwuliza kwa upole, kama mzazi, kondoo huyu apewe nani. Kagendo akaangalia lile gari la mwisho na koti lile lililojikunyata, akaangalia hemani, machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno.

"Mpeni mama," akasema. "Asipopewa yeye, mimi sitoki hapa."

Mwaniki akamvuta mwati mbele, akaiweka kamba mkononi mwa Kaimuri, akamfumba ngumi kwa heshima. Kaimuri hakupiga kigelegele, wala hakuna aliyepiga. Alisimama tu na kamba ile, machozi yanamshuka, hayafuti, na kondoo akaendelea kula ua.

Ndipo sauti ya Riungu ikatoka hemani. Ilikuwa sauti kali lakini imepasuka kidogo katikati. Akasema mazungumzo ni huku, viti viko huku, meza ya wazee iko huku. Mambo ya langoni ni ya watoto. Wageni waje wakae, waliopewa kazi za kupokea mifugo wapokee, na wenye kusema waje waseme na mwenye kiti. Wageni wakatazamana. Baadhi ya wazee wa nyumbani walianza kwenda, polepole, na ulikuwa wakati mbaya, kwa sababu mtu akishakaa mbele ya kiti kile, kamba ingekuwa kamba tu.

Kanyua akatoka jikoni. Alikuwa na aproni na mwiko bado uko mkononi. Alipita mbele ya mume wake bila kugeuza shingo, akachukua kiti cha plastiki kwenye safu ya kwanza, akakibeba juu juu uani kote mpaka langoni, akakiweka chini mbele ya Kaimuri, akakikalia. Mwiko akauweka mapajani. Riungu alimwita kwa jina mara moja. Hakuitika.

Baada yake akaja mwanamke mwingine na kiti chake, kisha wawili pamoja. Yule mzee aliyepaliwa na chai akasimama katikati ya uwanja, akaangalia kule na huku, akakuna kidevu, akachukua viti viwili, cha kwake na cha Mwaniki. Vijana wakabeba benchi. Mtu akaleta meza, mwingine akaleta birika la chai na vikombe. Muda si mrefu watu wote walikuwa langoni, wamekaa nusu ndani ya boma na nusu barabarani, hata boda boda ikabidi zizunguke. Hema likabaki wazi na safi, na katikati yake kiti kimoja cha mbao na mtu mmoja juu yake, mkono bado ameunyoosha kidogo, kama aliyesahau kuurudisha.

Mwaniki akakohoa. Akauliza kwa sauti ya chini kama haifai kumngoja mzee yule kwanza, kwa heshima, kabla ya kuanza.

Kaimuri akaizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja chake, akaikaza.

"Tuanze," akasema. "Akimaliza kukaa, atatukuta."